Springi Niliyoikataa Ndiyo Waliyoifunga

Nina hasira kwelikweli, mnisamehe.

Lori la baba limekwama Chimala, yeye mwenyewe akiwa nalo, likiwa na mchele unaosubiriwa Ipogolo. Springi ya mbele imevunjika.

Asubuhi nilikwenda na baba mdogo kwenye duka la vipuri hapa mtaani kwetu Soweto. Muuzaji akatoa springi, akailaza juu ya ile iliyovunjika, ambayo baba alitutumia kwa basi. Urefu sawa, matundu sawa.

Nikamwamkia, kisha nikasema, "Mzee, hii ni nyembamba. Lori letu ni toleo la karibuni, injini yake ni nzito kuliko ya yale ya zamani. Hii haitaibeba."

Hakunitazama. Akamwambia baba mdogo, "Kabini si ni ileile ya malori ya zamani? Mwambie binti akasome."

(Ndicho ninachofanya, mzee. Nasoma.)

Baba mdogo akacheka naye, akainunua, akaenda nayo Chimala.

Saa tisa akanipigia. Wameifunga, na lori limeinama upande mmoja hata kabla ya kuingia barabarani.

Maneno yake ya kwanza? "Si ulikuwepo dukani? Mbona hukusema?"

Nilisema. Nilisema mbele yako, baba mdogo.

Jamani, ninyi mngemjibu nini?

Kisha baba akachukua simu. Nilidhani na yeye atanigombeza.

Akasema taratibu, "Mwanangu, kesho dukani utaongea wewe. Baba yako mdogo atakuja kubeba."