Niliyaona Mawimbi, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Nalitaja kwanza, kabla sijasimulia lolote, kwa sababu nikianza na habari za upepo mtadhani mimi ni mtu aliyeonewa na ziwa. Ziwa halikunionea. Lilinionyesha mapema, nikaelewa, nikafunga mdomo.

Jina langu sitaliandika. Herufi hizi ni za mkono wangu mwenyewe, nilizojifunza darasa la ubatizo, na kama zimepinda mnisamehe.

Mimi ni Mkisi. Nilizaliwa Ikombe, chini ya milima, ambako wanawake wanafinyanga vyungu na wanaume wanavua. Baba yangu alikaa miaka mingi bila mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa naye mtumbwini na kushika kafi. Watu walicheka. Yeye hakujali, alitaka samaki.

Basi akanifundisha. Aliniambia, "Kabla hujasukuma mtumbwi, simama kwanza kwa muda wa kutosha kula ndizi mbili. Usitazame mbingu, mbingu asubuhi ni nzuri kila siku. Tazama maji."

Kwetu upepo wa kuogopwa ni mwera, unaotoka kusini. Unapoanza kuvuma huko mbali, huku mwisho wa ziwa kunakuwa bado shwari. Tena asubuhi kuna kaupepo kutoka milimani kanakolaza maji ya karibu, mtu akaona ziwa kama limepigwa pasi. Lakini mawimbi ya mwera hutangulia kabla ya mwera wenyewe. Ni marefu, hayana povu wala kelele. Yanainuka polepole, yanapanda mchanga kuliko jana, yanarudi na changarawe. Hakuna jani linalotikisika. Ukiyaona hayo, rudi nyumbani ukalime.

Hayo yote niliyajua nikiwa sijaota matiti.

Nikaolewa na Mnyakyusa wa kule bondeni, karibu na Mwaya, watu wa mpunga na migomba. Mume wangu alikuwa mpole, mcheshi kidogo, mtu wa kuimba akipalilia. Baba yake, mkwe wangu, alikuwa mkulima aliyependa uvuvi uzeeni. Alipata mtumbwi kwa watu wa kwetu, akajifunza kutega nyavu, na kwa kweli alikuwa na mkono mzuri. Ila ziwa alikuwa halijui. Alitazama mbingu tu.

Wasomaji wa mbali wafahamu jambo moja. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika uso, anajificha hata kwenye matope. Hasemi naye, halitaji jina lake. Wamisheni wanatuambia si lazima, lakini mwanamke asiyefanya hivyo anaonekana hana adabu.

Mimi niliifuata desturi hiyo vizuri sana. Nilisifiwa kwa hilo.

Miaka mitatu ikapita sina mtoto. Mmoja alitoka kabla ya wakati wake, mwingine aliishi siku nne. Siku moja, nikiwa nyuma ya nyumba nakoroga udongo, nikasikia mkwe wangu anamwambia mume wangu upande wa pili wa ukuta, "Huyu wa vyungu amekuletea nini? Udongo. Nimeshaona binti kule Bujonde, na ng'ombe wapo. Utaoa wa pili."

Mume wangu akamjibu baba yake, "Tata, mimi nimebatizwa."

"Na mimi nina mwana mmoja tu wa kiume," akajibu mzee, akaondoka.

Nilibaki na mikono yangu kwenye udongo. Sikulia. Ingekuwa heri ningelia, maana kile ambacho hakikutoka kwa machozi kilikaa ndani kikachacha.

Haikupita wiki. Alfajiri mume wangu aliaga anakwenda Mwaya, kwa sababu jumbe alikuwa amemwandika kupakua mizigo ya boma kwenye meli. Jua lilipotoka nikashuka ziwani na wifi yangu, dada wa mume wangu, kuosha vyungu. Tulikuwa karibu na mdomo wa mto, kwenye matete.

Nilipoweka chungu cha kwanza ukingoni, maji yakaja yakakichukua.

Nikasimama nikatazama. Maji yalikuwa yanapumua. Wimbi moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine, kutoka kusini moja kwa moja. Mchanga ulikuwa umelowa juu kupita alama ya jana. Upepo hakuna. Mbingu ni safi, na milima ya Ukinga imesimama wazi hata unaweza kuhesabu mikunjo yake.

Nikajua. Sikuhisi wala sikudhani, nilijua kama ninavyojua jina langu. Kabla ya adhuhuri mwera utakuwa hapa.

Wifi akasema, "Jifiche, tata anakuja."

Nikaingia ndani ya matete, nikavuta kaniki kichwani, nikampa mgongo. Nikasikia nyavu zinatupwa mtumbwini. Nikasikia mtumbwi unaburutwa, na sauti za watu wawili, lakini kwa mbali, maneno sikuyapata. Nikajua mwenzake ni baba mdogo, ndugu yake, kwa sababu siku zote walivua pamoja. Wifi akatoka akaenda kuwasalimu, akarudi kwenye vyungu vyake.

Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Yeye ni binti yake, aliweza kumwita baba yake wakati wowote. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: wifi, mwambie asiingie, mwera unakuja. Ulimi ulikuwepo, na nafasi ilikuwepo.

Nikasema moyoni, acha alowe.

Ndivyo nilivyosema, na leo naandika ili mwone neno hilo lilivyo dogo. Acha alowe kidogo. Acha nyavu zake zipotee, arudi anatetemeka, ajue kwamba hao watu wa udongo wana kitu wanachokijua. Sikumtakia kifo. Lakini nani aliniambia mwera unakubaliana na mtu kiasi cha kumlowesha?

Tukamaliza kuosha, tukapanda nyumbani. Wifi akaanza kutwanga. Mimi nikakaa kutengeneza mdomo wa chungu, na nilikuwa, Mungu anisamehe, karibu na furaha.

Wifi akasema, bila hata kusimamisha mchi, "Leo kaka ana bahati. Meli haikuja, wamerudishwa wote."

"Yuko wapi sasa?"

"Si amekwenda na tata? Baba mdogo ana homa. Alimkuta tata pale ufukoni. Tata akamwambia, ingia tuzungumze, huko hakuna masikio ya watu."

Chungu kiliniangukia mapajani.

Nilikimbia bila kaniki ya kichwani. Nilipofika ufukoni bado kulikuwa na jua zuri, lakini kule mbali maji yalikuwa na mstari mweusi, kama mtu aliyechora kwa mkaa. Nikawaona wakiwa kidoa tu. Nikapiga kelele, nikaita jina la mume wangu, kisha nikaita na jina la mkwe wangu, jina ambalo midomo yangu haikuwahi kulitamka. Nani angesikia?

Mstari ule ukaja. Ulipofika, matete yote yalilala mara moja.

Walijitahidi. Walitupa nyavu, nikaona makafi yanakwenda haraka. Wakaelekea mdomo wa mto, wakidhani mle ni mlango wa kuingilia. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu maji ya mto yanasukuma nje na mawimbi yanasukuma ndani, nayo yanasimama wima kama ukuta. Hata hilo nililijua. Niliwapungia waende mbali, waende kwenye mchanga ulio wazi. Hawakuniona, au waliniona wakadhani nawaita.

Mtumbwi ulisimama kwa ubavu. Mara ya pili nilipouona ulikuwa umepinduka.

Mkwe wangu alitupwa mchangani akiwa hai, mguu umevunjika. Mume wangu tulimpata siku ya tatu, upande wa Matema, kwenye matete. Mtumbwi ulikuwa umempiga kichwani.

Ningeweza kuishia hapa, na dhambi yangu ingekuwa moja. Lakini kuna ya pili.

Huku kwetu mtu kijana hafi hivihivi. Watu huuliza ni nani aliyemuua. Na wote walikuwa wamesikia ugomvi wa baba na mwana juu ya mke wa pili. Wakaanza kunong'ona kwamba mzee alimpeleka mwanawe ziwani kwa moyo mbaya, maana yeye amepona vipi na kijana mwenye nguvu amekufa? Jumbe akaitisha baraza. Tukaulizwa tuliokuwa ufukoni. Wifi alisema alichokiona, kwamba walisalimiana vizuri.

Ikaja zamu yangu. Jumbe akauliza, "Wewe ni mtu wa ziwani. Asubuhi ile palikuwa na dalili yoyote?"

Mkwe wangu alikuwa amekaa upande wa pili, mguu umefungwa vijiti, ameinamisha kichwa ili asinitazame. Hata siku ile alinitunzia heshima yangu.

Nikasema, "Mimi nilikuwa nimejifunika. Sikuona kitu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema mwanamke huyu amelelewa. Na kama hapakuwa na dalili, kama ziwa lilikuwa jema, basi kilichomuua kijana kilitoka kwa baba yake. Walimwambia ahame. Alihama akichechemea, akavuka mabonde yote mpaka kando ya mto Songwe, akajenga kibanda kwa watu wasiomjua.

Mimi nilirudi Ikombe kwa baba yangu. Nilikula, nililala, nilifinyanga. Mungu nilimwambia mara nyingi, lakini Mungu alikuwa anajua tayari. Wasiojua walikuwa watu.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga, sikuweza tena. Nikampitia wifi yangu kwao bondeni, tukatembea siku mbili mpaka Songwe. Njiani nikamweleza yeye kwanza. Alikaa chini katikati ya njia. Kisha akainuka, akatembea mbele yangu mpaka tulipofika.

Mzee alikuwa anapalilia migomba yake. Aliponiona alitaka kugeuka aondoke, kama ilivyo desturi. Nikapiga magoti, nikasema, "Tata, usinikimbie. Siku ile niliyaona mawimbi. Nilijua mwera unakuja. Nilinyamaza kwa sababu ya yale niliyoyasikia ukutani."

Akabaki amenipa mgongo. Jembe lilikuwa bado mkononi.

Akauliza, "Yalikuwa yanatoka wapi?"

"Kusini, tata. Marefu, hayana upepo."

"Mimi niliyaona hayo," akasema. "Nilidhani ni ziwa linacheza tu." Kisha akasema, "Mwanangu alikuwa anamkataa. Huyo mke wa pili. Mtumbwini alinikatalia kabisa, akasema wewe unamtosha. Na mimi nilikuwa nimekubali. Tulikuwa tunacheka tulipouona ule mstari."

Sijui kama mnaweza kuelewa nilivyojisikia.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini, atafufuka? Mimi unisemee kwa jumbe. Halafu uwaambie wanaoingia ziwani wasitazame mbingu kama nilivyotazama mimi." Akarudi kupalilia.

Kwa jumbe nimekwenda. Nimesema mbele ya wote. Wapo walionitemea mate, na wapo wanaosema mwanamke mwenye huzuni hubuni mambo. Mzee ametumiwa ujumbe arudi. Hajarudi, na sidhani kama atarudi.

Sasa natimiza la pili. Ninyi mnaovua, simameni kwanza ufukoni. Mkiona maji yanapanda mchanga bila upepo, nyavu zirudi nyumbani, hata kama watoto wana njaa. Mwera ukiwakuta nje, msikimbilie mdomo wa mto.

Na wewe unayebaki ufukoni, mwenye kinyongo na mtu, unayejua jambo ambalo yeye halijui, mwambie. Mchukie baadaye akisharudi. Huwezi kujua ni nani mwingine ameingia naye mtumbwini.