Meno ya Musoma na Baraka ya Maziwa

Ng'ombe aliyeniondolea meno ya mbele ya juu hakuwa mkali. Ninamtetea kwa sababu watu wa Litein walipenda kusimulia kwamba alinishambulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinama kumwekea chumvi, inzi akamuuma sikioni, akainua kichwa ghafla kama ambavyo ng'ombe yeyote angefanya. Kichwa chake kikakutana na mdomo wangu. Meno mawili yalibaki kwenye chumvi. Mengine mawili yalining'inia mpaka kesho yake, daktari wa Kericho alipoyamalizia.

Mimi ni seremala, na sikufundishwa na mtu. Nilijifunza katika vitabu vikuukuu vilivyouzwa vimetandazwa juu ya gunia sokoni, vingine havina jalada, kimoja hakina sura ya mwisho, kwa hiyo mpaka leo ngazi za kuzunguka huwa sizipendi. Mtu wa namna hiyo huzoea kupima kila kitu mara mbili. Nilipojitazama kwenye kioo niliona jambo moja waziwazi: mwezi wa Desemba binti yangu angeolewa, na mimi nisingeweza kutamka neno lenye herufi "s" bila kummwagia mate aliyesimama mbele yangu.

Kwetu baba ana kazi mbili asubuhi ya harusi, kabla bibi arusi hajaondoka nyumbani kwenda kanisani. Kwanza anasema maneno yake mbele ya watu. Kisha anachukua funda la mursik, maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na kumpulizia bintiye kama baraka. Wazee wa zamani walitumia pombe ya asali. Sisi watu wa kanisa tulibaki na maziwa. Binti huyu ni wa kwanza na ni wa pekee. Wengine wote ni wavulana. Sikuwa na nafasi ya pili ya kufanya kazi hizo vizuri.

Kericho walijua kung'oa. Kuweka meno mengine, waliniambia, niende Nairobi, na bei ya Nairobi ilikaribia ya ng'ombe mwenyewe. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni jirani yangu, mtu wa kutoka upande wa Kisii, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni kwetu na kununua vitunguu ng'ambo ya mpaka.

"Fundi, wewe vuka tu Sirare," alisema. "Musoma kuna mzee anatengeneza meno mpaka unasahau yako. Na bei ni ya binadamu."

"Ni daktari?"

"Alifanya kazi hospitalini mpaka akastaafu. Na ukimaliza unapumzika kando ya ziwa kama mzungu. Si wewe hujawahi kupumzika?"

Ilikuwa kweli, sijawahi. Nikaanza kujiandaa. Nilijua mafundi huharibu kazi kwa sababu mteja hajui kueleza anachotaka, kwa hiyo nilikaa mbele ya kioo na kuchora mdomo wangu, taya la juu na la chini, kila jino mahali pake. Palipokuwa na pengo niliweka alama ya msalaba. Mchoro ulikuwa safi. Mke wangu aliutazama akasema unafanana na mpango wa viti vya kanisa.

Mzee wa Musoma alikuwa mwembamba, mpole, na alinisalimu kwa muda mrefu kuliko daktari wa Kericho alivyochukua kuning'oa meno. Aliuliza habari za safari, za nyumbani, za mvua, za majani chai. Nilipomkabidhi mchoro aliuweka dirishani kwenye mwanga.

"Mzee wangu, hii umechora mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wako huu?"

"Kwa rula na penseli."

"Basi mimi sina la kuuliza."

Nilifurahi. Ningepaswa kuogopa. Mteja akiniletea mchoro wa kabati nami nikakosa swali juu yake, kabati hilo kwa kawaida halipiti mlangoni kwake.

Aliponichukua kipimo kwa nta na kunitoa magego mawili yaliyooza, aliniambia nipumzike wiki moja na zaidi kidogo, nile vitu laini, nisibebe vizito. Akanielekeza kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na vyumba vya wageni karibu na maji. Huko ndiko nilikogundua kwamba kando ya ziwa, kitu laini maana yake ni samaki.

Lazima nieleze. Wakipsigis wa umri wangu hawali samaki. Baba mdogo, aliyenilea, alimwita samaki nyoka aliyekosa nchi kavu. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipofunua sufuria ya kwanza, nilishukuru na kuomba uji.

"Uji utakunywa asubuhi, baba. Huu ni mchana."

"Hakuna maziwa?"

"Ya chai yapo. Kwani kwenu mnakula nini?"

"Maziwa."

"Na mkikosa maziwa?"

"Tunangoja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila mpita njia aliambiwa habari za mgeni anayengoja. Nilingoja siku mbili. Siku ya tatu fizi zilikuwa zimetulia na tumbo halikuwa limetulia hata kidogo, nikala sato wa mchuzi wa nazi, nikamaliza, nikaomba wa pili. Sikuona sababu ya kumweleza baba mdogo jambo hilo, na yeye hakuniuliza.

Kupumzika ndiko kulikonishinda. Nilikaa kwenye kiti nikatazama maji, na baada ya maji kutazamwa sikujua yanafanyiwa nini tena. Mlango wa jikoni ulikuwa unakwaruza sakafu. Niliuvumilia mpaka saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba aliporudi sokoni alinikuta nimeung'oa wote, nimeulaza juu ya mabenchi mawili.

"Baba! Umekuja kupumzika au kunibomolea nyumba?"

"Napumzika," nilimwambia. "Usiku utafungika."

Ulifungika. Nilipumzikia pia madirisha mawili na mguu wa kitanda.

Siku ya kuvalishwa meno, mzee alinipa kioo. Yalikuwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vyenye vishikizo vyembamba vya waya. Niliona mtu mwenye meno yote. Nilicheka, naye akacheka pamoja nami. Akaniambia mambo mawili: nivae vyote viwili mchana kutwa ili fizi zizoee, na nisivitenganishe, kwa sababu cha juu bado kilikuwa kilegevu na kilitegemea cha chini kukisukuma kila nilipofunga mdomo. Nilimwelewa mara moja. Mlango na fremu yake.

Nilivuka mpaka nikisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti. "S" zote zilikuwa zimerudi.

Mke wangu alinipokea mlangoni, akanitazama, akashika kiuno.

"Cheka tena," alisema. Nikacheka. "Ai! Unafanana na yule mtu wa karatasi ya dawa ya meno."

"Si ni vizuri?"

"Ni vizuri. Lakini siye niliyeolewa naye."

Nilidhani ni utani. Jioni baba mdogo alikuja na fimbo yake, akakaa, akasema neno moja: "Fungua." Nikafungua mdomo. Aliushika utaya wangu na kuugeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua fahali sokoni. Kidole chake kikasimama chini, mbele.

"Hapa nani ameziba?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Mimi ni wa kizazi cha mwisho, katika ukoo wetu, kilichong'olewa meno mawili ya mbele ya chini utotoni. Ndiyo ilikuwa desturi. Wazee walisema mtu akishikwa na pepopunda, taya zikifungana, atapitishiwa maziwa hapo. Pengo hilo halikuwa kasoro. Lilikuwa mlango uliotengenezwa kwa makusudi. Nami, kwa rula na penseli, niliuwekea msalaba kama mapengo mengine, na mzee mwaminifu wa ng'ambo akaufunga kama nilivyoagiza.

"Ni meno tu, baba mdogo," nilisema.

"Ee. Na utabariki msichana na nini? Na masikio?"

Nilimwambia maziwa hutoka mdomoni, si kwenye pengo. Baba mdogo aligeuza kichwa, akatema mate kupitia pengo lake, yakapita juu ya kuku wawili na kumpata inzi kwenye nguzo ya zizi. Kisha akanitazama.

Kesho yake nilijaribu nyuma ya karakana, mke wangu akiwa amesimama mahali ambapo binti angesimama. Maziwa ya baraka yanatakiwa kutoka kama umande. Yangu yaligonga ukuta wa meno ya chini, yakarudi, yakatafuta njia, yakatoka pembe zote mbili za mdomo na kuteremka kifuani. Nilijaribu tena nikiinua kidevu. Yakaingia puani.

"Umebariki viatu," mke wangu alisema, akiwa ameshikilia nguzo kwa kicheko. "Viatu viende violewe."

Nikavua kipande cha chini. Umande ulitoka vizuri, lakini pamoja nao kikashuka cha juu, kikatua kwenye majani. Nikakiosha, nikakirudisha, nikaanza kusoma hotuba yangu bila cha chini. Nilipofika kwenye "wazazi wenzangu" kikaniangukia ulimini. Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Nikivaa vyote, ningeweza kusema na nisingeweza kubariki, na kuvua kimoja mbele ya wakwe ni aibu. Nikivaa cha juu peke yake, ningeweza kubariki mara moja, na bwana arusi angepata meno kabla hajapata mke.

"Sema tu, baba mdogo abariki," mke wangu alisema, sasa bila kucheka.

Binti alikuwa amesimama kwenye kona ya karakana na ndoo ya maji. Sikujua alikuwa hapo tangu lini. "Baba mdogo ni mzee wetu wote," alisema. "Lakini baba yangu ni mmoja." Akaendelea na ndoo yake.

Siku zile nilifikiri kama seremala. Kitu kilicholegea hukazwa kwa msumari, kabari au gundi. Msumari haukuwezekana. Kabari ya ugali ilikaa mpaka nilipokunywa chai. Mke wangu aliponikuta nimeweka kopo la gundi ya mbao jikoni alilichukua, akalificha, na hadi leo sijui liliko.

Nilimweleza baba mdogo shida yangu, si kwa kutaka ushauri bali kwa sababu alikuwa ameketi hapo. Alifikiri. Kisha akaondoka na kurudi na kibuyu kidogo cha asali ya mizinga yake, ile ya zamani, nyeusi, nzito kama lami.

"Sisi tulibariki na pombe ya asali," alisema. "Kanisa likasema wacha, tumia maziwa. Mimi sikubishana. Lakini asali yenyewe ilikosea wapi?"

Nilipaka kidogo chini ya kipande cha juu, nikakibana. Kilikaa. Nilivuta kwa kidole, kikakataa. Nikachukua hotuba na kuanza kusoma bila kipande cha chini, na "s" zote zikasimama mahali pake. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifika mwisho wa salamu na kuingia kwenye historia ya ukoo wakati asali ilipoyeyuka.

Tulijaribu tena, tukiongeza asali. Ilishika hadi historia ya babu. Hotuba yangu ilikuwa na salamu, historia, mawaidha kwa mume, mawaidha kwa mke, maana ya nyumba imara nikilinganisha na maungio ya mbao, na shukrani. Nilikuwa nimeiandika kwa miezi. Usiku ule nilikata historia. Asubuhi nikakata mawaidha. Maungio ya mbao niliyaacha mwisho, nikayakata kwa uchungu.

Asubuhi ya harusi, mke wangu alinipaka asali chumbani, akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, akanisukuma kaakaa kwa dole gumba mpaka machozi yakanitoka. Kipande cha chini kilibaki kwenye kopo la skrubu. Nilitoka. Uani palikuwa pamejaa, wakwe upande mmoja, kwaya upande mwingine, na mtu mwenye kamera ya kukodi aliyeniambia nicheke. Sikucheka. Nilihesabu kwamba kila tabasamu linakula asali.

Binti alipiga magoti juu ya mkeka. Nilijua watu wanangoja maneno marefu, kwa sababu wananijua. Nikasema:

"Mwanangu, mlango wa nyumba hii mimi ndiye niliyeutengeneza. Hauna kufuli upande wa nje. Nenda salama, na siku yoyote urudi."

Nikaishia hapo. Watu waliendelea kungoja. Mama wa bwana arusi alianza kulia. Nilisikia kipande cha juu kikianza kutembea. Baba mdogo akanisogezea kibuyu haraka, nikachukua funda, nikainama.

Yalitoka kama umande. Yakamshukia kwenye paji la uso na kwenye shela jeupe, yakiacha nukta ndogo za mkaa, na wanawake wakapiga vigelegele. Nilifunga mdomo na sikuufungua tena mpaka baada ya ibada. Wakwe walisema wazi kwamba hawajawahi kumwona baba aliyeguswa hivyo na kuondoka kwa mtoto.

Binti aliinuka, akajifuta kope, akalamba tone lililokuwa limeshuka mpaka mdomoni. Akasimama kidogo, akalamba tena.

"Baba," alininong'oneza, "mbona ya leo ni tamu?"

Nilimwelekeza kwa kidevu amwulize baba mdogo.