Mnorwei Aliyekuja Kujiposea

Mtu hajiposei mwenyewe. Hilo nililijua kabla sijajua kuvaa viatu, na sikuona sababu ya kuliacha kwa kuwa tu naishi Dubai. Kwetu Unguja kijana hutuma watu wazima wakamsemee. Wenye mwana husikiliza, husema watafikiri, kisha hupeleleza: msikitini wanamjuaje, majirani wanamsemaje, ukoo wao una maradhi gani. Sasa huyu Mnorwei alikuja dukani kwangu Satwa peke yake, mchana kweupe, gitaa mgongoni, akasema shikamoo mara tatu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Binti yangu alikuwa nyuma yake.

"Baba, huyu ndiye niliyekwambia."

"Watu wake wako wapi?"

"Kaja mwenyewe, baba."

"Namwona."

Mimi ni fundi cherahani. Chuoni nilisoma juzuu chache, skuli sikumaliza, na duka lile nimelitoa kwenye vidole vyangu hivi. Kanzu za Waarabu nimeshona, suti za Wazungu nimekata, kwa hiyo sikumtazama yule mtu kwa kumshangaa. Nilichukua futi nikamwambia asimame.

"Baba, hajaja kushona."

"Mie namjua mtu kwa kumpima."

Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Nikapima tena, limeshuka kweli. Mtu mzima, nywele zimeanza mvi, bega moja chini kama mchukuzi wa bandarini, na viganja laini isipokuwa ncha za vidole vya kushoto, zina sugu. Nikajiuliza, kazi gani hii ya kuchakaza upande mmoja? Binti yangu akasema ni mkanda wa gitaa na nyuzi zake, tangu utotoni. Nikasema sawa. Moyoni sikusema sawa.

Ijumaa ile nilimwita kwa dada yangu, Al Qusais, baada ya sala. Dada yangu ni mjane, alikuwa akipokea wagonjwa kwenye kliniki, Kiingereza chake maji. Nilimtaka yeye atafsiri, maana kule dukani niliona jambo: Mnorwei akisema maneno marefu, binti yangu hunitolea mafupi.

Alikuwa ameshasilimu, na mwenye kumsilimisha tulimpata tukamuuliza, akasema kweli. Lakini mtu anaweza kusilimu kwa ajili ya Mungu na anaweza kusilimu kwa ajili ya binti yangu, na kwa nje kanzu ni ile ile.

"Muulize kazi yake," nikamwambia dada.

"Anasema anatunga nyimbo."

"Anaimba?"

"Haimbi. Wanaimba wengine."

"Kwa nini haimbi mwenyewe? Sauti anayo, namsikia anazungumza."

Dada akamuuliza, yule bwana akacheka kidogo, akaeleza kwa mikono. Ujanani alikuwa na bendi na wenzake wa skuli, mji mdogo wa baharini, kaskazini huko ambako baridi ikiingia jua halitoki. Walipiga kwenye maharusi na kwenye meli za abiria. Bendi ikavunjika, mwimbaji wao akaoa akahama. Yeye akabaki na gitaa na maneno, akaanza kuwatungia wengine. Nyimbo zake zimeimbwa mpaka Japani na watu asiowajua. Hapa Dubai ana chumba cha kurekodia na mwenzake, anatunga za waimbaji na za matangazo.

"Basi barabarani hajulikani," nikasema.

"Hajulikani. Anasema ndivyo anavyopenda."

Hapo ndipo nilipozidi kumtilia shaka. Mtu gani anafanya kazi nzuri halafu anajificha nyuma ya mdomo wa mwenzake?

"Ulikuwa na mke?" dada akamuuliza kwa nafsi yake, bila kungoja mimi.

"Nilikuwa naye. Tukaachana. Hatukujaaliwa mtoto."

Jibu lilikuja haraka. Sikupenda haraka yake.

Nikasema apige kitu tusikie. Binti yangu akatoka jikoni akaketi karibu na mlango. Mnorwei akapiga, na mara hii aliimba mwenyewe, kwa sauti ya chini ya mtu asiyezoea. Siwezi kusema vibaya, vidole vilikuwa vinajua vinakwenda wapi. Dada ananinong'oneza maana: kuna nyumba, nje theluji, mtoto amesimama mlangoni. Chini ya mlango anaona mwanga. Ndani kuna mwanamume amekaa, ufunguo uko mkononi mwake, na anasikia mtoto anavyogonga.

Nikaweka kikombe chini.

Asiyekulia kwetu hataelewa. Kwetu wimbo haupigwi hewani. Bibi akigombana na jirani, humwendea mtungaji, mtungaji anatunga, mwimbaji anaimba, na aliyekusudiwa anajijua kabla ubeti wa pili haujaingia. Watu wanainuka kutunza pesa huku wanamtazama yeye. Mama yangu aliwahi kupigiwa wimbo wa namna hiyo, akaondoka harusini na mkoba wake kausahau. Sasa mimi, nyumbani kwa dada yangu, mbele ya chakula changu, naambiwa mwanamume mwenye ufunguo hataki kufungua.

"Khalas," nikasema. "Mwambie nimesikia. Aende."

Alipotoka, binti yangu akaniambia, "Baba, wimbo ule si wako."

"Humu ndani mwenye ufunguo nani?"

Akanitazama. Hakulia, si mtu wa kulia, kanirithi mimi. Akasema, "Baba, bila wewe hakuna nikaha, na mie sitakwenda kutafuta walii mwingine. Basi ukishika, umeshika." Akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile, akitoka kazini kule Frizoni, kwenye makampuni ya wageni, hakupita tena dukani. Chai yangu ya alasiri nikawa nanunua.

Sikukaa bure. Jirani yangu wa Satwa ni kinyozi wa Kimalabari, Mhindi wa kusini, mtu asiye na upande wowote katika jambo hili. Nikamwimbia ule mwanzo kwa mdomo, kama nilivyoukumbuka. Wembe ukasimama kwenye shavu la mteja.

"Arbab, huu wa zamani," akasema; Arbab ndiyo bosi kwa lugha ya hapa. "Nilikuwa nausikia redioni kabla sijaoa."

Akautafuta kwenye simu. Mwanamke anaimba, ngoma nyingi, lakini ni ule ule. Kinyozi yule ana mtoto anayekaribia chuo kikuu. Binti yangu na huyu Mnorwei wamejuana juzi juzi.

Nikampigia dada yangu. Akasema, "Basi umepata jibu, kakaangu."

"Sijapata. Kwani kwetu wimbo mkongwe hauombwi makusudi, ukapigiwa mtu mpya?"

"Wewe," akasema, "hata maiti ungemuuliza anakwenda wapi."

"Alete watu wake. Kama ana watu."

Aliwaleta. Alimleta mama yake, kutoka Norwei. Mama mrefu, mkavu, amejifunga mtandio vibaya kwa heshima yetu, na mkononi kashika kipande cha kitu nilichodhani ni sabuni ya kufulia. Kumbe jibini. Dada akaonja, akasema tamu. Mimi nikasema baadaye.

Mama akasema alilokuja kusema: mwanawe anaomba mke kwetu, na yeye anamsemea, maana baba yake hayupo. Alisema vizuri, kama mshenga wa haki. Mimi nikamwambia dada, "Muulize ule wimbo wa mlango ulipigiwa nani."

Dada hakutaka. Nikamkazia macho, akauliza.

Yule mama akamtazama mwanawe, na mwanawe akawa anasugua ncha za vidole vyake. Akaeleza polepole. Mumewe alikuwa seremala. Hakutaka gitaa nyumbani, alilichukua akalifungia kwenye stoo ya zana. Mtoto akaondoka. Miaka ikapita, wimbo ukatoka, na siku moja yeye na mumewe wakiwa kwenye meli ya abiria ukapigwa, watu wote wanauitikia.

"Mumewe alijua wimbo unamsema yeye?" nikauliza.

"Kila neno."

"Akasema nini?"

"Alisema waipunguze sauti."

"Kisha?"

"Amekufa hawajasemeshana na mwanawe. Ufunguo wa stoo hatukuuona, mlango niliuvunja mwenyewe baada ya maziko."

Basi wimbo ulikuwa na mwenyewe. Hapo sikukosea, na nilimwambia dada yangu hivyo. Mlangoni pa jikoni binti yangu amesimama na sinia la kahawa, haingii, harudi.

Desturi ni kusema tutafikiri. Dada alikuwa ameshafungua mdomo aliseme.

"Waambie tumeshafikiri," nikasema. "Na mama asiondoke kabla ya nikaha."

Kanzu ya nikaha nilimshonea mimi, bega la kushoto nimelishusha, ikamkaa sawa. Siku hizi nikimsikia anapiga kitu kipya chumbani kwao, namwita binti yangu.

"Huu," namuuliza, "wa nani?"