Alhamisi za Mama

Nilikuwa napiga pasi blauzi nyekundu ya Mama kaka yangu Tapfuma aliponipigia simu kutoka hospitali.

"Netsai, Mama ametutoka."

Nilikaa chini nikalia. Kisha nikainuka nikamalizia mikono ya ile blauzi, maana ndiyo angezikwa nayo.

Mama yetu, Raviro, aliuza nyanya na mboga katika soko la mji wetu wa Gutu mpaka magoti yalipokataa. Tangu alipoolewa alikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa letu la Methodisti. Kila Alhamisi alivaa blauzi nyekundu na kofia nyeupe, akafunga, na hakuonja hata maji mpaka ibada ya alasiri iishe.

Alipoanza kusahau, alisahau njia ya sokoni, akasahau kuwa Baba amefariki, lakini Alhamisi hakuisahau. Ikawa kila siku ni Alhamisi. Ukimletea uji, anausukuma. "Mnataka nivunje mfungo?"

Sisi tulifurahi. Tapfuma aliwaambia wageni, "Akili imekwenda, Roho amebaki. Nani atamzuia mtu wa Mungu kufunga?" Basi tukamwachia.

Asubuhi moja akamwita Shuvai, mke wa Tapfuma, mwizi, akamtupia kikombe. Tapfuma akasema ugonjwa umekomaa. Shuvai akakataa.

"Wifi, juzi tu alinitania kwamba makalio yangu yanaziba mlango. Leo hanijui! Ugonjwa wa kusahau unakwenda polepole. Hiki kimekuja ghafla. Na mkojo wake njoo uuone, ni kama chai ya rangi."

Tukampeleka zahanati. Muuguzi alimbana ngozi ya kifua, akatazama ulimi uliokauka, akapima mkojo.

"Hana maji mwilini, na njia ya mkojo imeshambuliwa na vijidudu. Mtu kama huyu hawezi kukwambia anaumwa wapi. Akibadilika ghafla, msiseme ni uzee. Mleteni."

Kwa dripu na dawa, baada ya siku chache akamtambua Shuvai. "Bado hujapungua," akamwambia. Tulicheka mpaka tukalia.

Lakini nyumbani alikataa maji tena. Tulimbembeleza, Tapfuma akamwombea, wapi! Shuvai akaingia chumbani, akatoka amevaa kofia nyeupe. Akaanzisha wimbo, nasi tukaitikia. Akaomba kwa kifupi, akasema, "Kikao kimefungwa, Mama. Karibu chai."

Mama akapokea kikombe. "Leo mhubiri amekuwa mfupi. Afadhali."

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na ibada asubuhi, mchana na jioni. Kila ikifungwa, alikunywa togwa au chai. Baadaye kumeza kulipoanza kumpa shida, tulimkalisha wima, akapewa kidogo kidogo, bila haraka. Tapfuma aliyekuwa akisifu mfungo ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwezi wa saba mwaka huu, baridi ikiwa kali, Shuvai aliona Mama anapumua mbiombio na haimbi. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, na mwili ulikuwa umechoka. Bwana alimchukua akiwa usingizini.

Tulimzika Jumamosi. Akina mama walikuja na blauzi zao nyekundu ingawa haikuwa siku yao. Kabla ya maziko, Shuvai alifanya kazi ya mkamwana msibani kwa desturi yetu, kumwigiza marehemu ili watu wacheke. Alivaa ile kofia, akakunja uso, akasukuma kikombe. "Mnataka nivunje mfungo?" Waombolezaji wakacheka, hata mchungaji.

Kisha jeneza likateremshwa. Mchungaji aliomba, Tapfuma akatupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Shuvai alisogea ukingoni, akavua kofia.

"Kikao kimefungwa, Mama," akasema.

Wanaume walijaza kaburi, wakapanga mawe juu yake. Tukanawa mikono, tukaingia ndani kunywa chai.