Mteja wa Sekei Aliyeyakataa Maji Yangu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba mwalimu mstaafu wa sayansi wa pale Sekei, mteja wangu wa maji kwa miaka mingi, amefariki usingizini. Wasomaji wangu mnanijua: niliishia darasa la tano, nikaanza na mkokoteni na madumu, leo nina magari matatu ya maji, maboza, na kisima changu mwenyewe, na watu wa Njiro wakikaukiwa wananipigia mimi. Sijisifu, nasema ukweli. Lakini mama huyo ndiye mtu pekee Arusha hii aliyewahi kuyakataa maji yangu, na kukataa kwake ndiyo sababu bado mnanisoma.

Kuna mwaka kiu ilinishika vibaya. Dumu la lita tano nalimaliza kabla ya mchana, macho yanaona ukungu, kidonda cha kisigino hakifungi. Duka la dawa wakanipima, wakasema sukari iko juu, niende hospitali. Nikacheka. Chai ikizidi sukari si unaongeza maji? Na maji ninayo! Nikazidi kunywa. Siku moja namshushia mzigo, Mwalimu akanikuta nimeinamia bomba la boza kwa mara ya tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe baba, unanijazia tangi au unajaza tumbo?"

Nikamweleza dawa yangu, tena kwa kujigamba. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, bwana maji, hayo unayouza yanatoka wapi?"

"Kisimani kwangu."

"Na kisimani uliyamwaga wewe?"

Akanyoosha kidole kuelekea Mlima Meru. Jua, akasema, linainua maji baharini na kwenye majani ya miti yakiwa mvuke. Mvuke ukipoa huko juu unakuwa wingu, wingu linanyesha, msitu unayashika maji na kuyaachia taratibu ardhini mpaka kisimani kwangu. "Na wewe una msitu wako. Ugali ukila unageuka sukari, ini linaweka akiba na kuitoa kidogokidogo, kichocheo kinachoitwa insulini kinafungua koki sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Koki yako imekwama. Sukari imejaa kwenye damu, figo zinaitoa pamoja na maji, ndiyo maana una kiu. Kiu hiyo ni ugonjwa, wewe umeigeuza tiba! Ondoa boza lako. Geti hili sifungui mpaka uniletee kadi ya kliniki ya kisukari."

"Mwalimu, tangi lako tupu!"

"Nitakinga mvua."

Akakinga kweli, wiki mbili, bibi wa miaka sabini na kitu na ndoo zake chini ya bati. Aibu ndiyo iliyonipeleka hospitali. Daktari alisema ningechelewa kidogo, mguu ungekatwa. Tangu siku ile Mwalimu alisoma kadi kwanza, geti baadaye.

Juzi nilipeleka maji msibani kwake. Geti lilikuwa wazi na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilichojifunza ni kwamba kitu unachokishika kila siku ndicho usichokiuliza kinatoka wapi, na anayekuuliza usimkasirikie. Nikatoa kadi mfukoni, nikasimama nayo pale getini kama kawaida yetu, kisha nikaingia, kwa miguu yangu yote miwili.