Theluthi ya Mungu

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mkoa wa Songwe, wakulima wa kahawa wa Mbozi, wafugaji wa Momba, madalali wa mpakani, na makanisa yote pamoja na yale yaliyogawanyika wiki iliyopita, kwamba mkoa huu, ambao Muumba kwa hekima yake aliuweka mbali na bahari kadiri alivyoweza, unaye mzamiaji wa mtungi. Ni mmoja tu. Anaitwa Sadoki Silwamba, anaziba pancha pale Mpemba kando ya barabara kuu, na mwaka huu, mvua za mwisho zikinyesha, alipigwa na umma kwa kosa la kutoka mtoni akiwa bado na hewa.

Tusimame kwa heshima. Haya, tukae.

Sadoki ni mtoto wa fundi tairi, na angekufa fundi tairi asingekwenda Mpulungu, upande wa Zambia, kutafuta maisha. Huko kulikuwa na kampuni iliyozamisha watu Ziwa Tanganyika kukamata visamaki vya rangi, vidogo kama kidole, vikasafirishwa Ulaya kwa ndege ili viangaliwe na watu wanaosubiri kung'olewa meno. Samaki walipanda ndege. Sadoki alifika kwa lori la chumvi.

Mwalimu wake alikuwa Ba Shadrack, mzee wa Kibemba mwenye kiganja kama koleo.

"Hewa ya mtungi ni mafungu matatu," alimwambia siku ya kwanza. "La kwenda. La kurudi. La tatu si lako, ni la Mungu. Usiliguse mpaka yeye mwenyewe akasirike."

Mtungi uliojaa ulisoma mia mbili kwenye geji. Wiki ile ile Sadoki alifuata kisamaki kimoja chenye maringo, akarudi juu mshale ukiwa kwenye arobaini. Ba Shadrack akasoma geji, akamzaba kofi lililopeleka miwani ya kuzamia ziwani na jino moja nyuma yake.

"Iwe! Umekula sadaka!"

Kisha akamwamuru aifuate miwani. Jino alimruhusu kuliacha.

Somo la pili lilifundishwa na maiti. Mwenzao mmoja alishtushwa na kitu huko chini, mita kumi na mbili, akachomoka kwenda juu mdomo ameubana, pumzi ameishika kama mtu anayepita nyuma ya choo cha stendi. Alifika juu anacheka. Akasema, "Jamani," na neno la pili likatoka damu yenye povu. Alikufa kabla hawajamvua yale mapezi ya miguuni.

"Tairi ukilijaza pomoni asubuhi, ukaliacha juani, linafanyaje?" Ba Shadrack aliuliza, huku anamfumba marehemu macho.

"Linapasuka, ba Shadrack."

"Basi na pafu ni tairi. Ukipanda, hewa iliyo ndani yako inavimba. Itoe. Imba, lia, tukana, lakini itoe. Na usiyapite mapovu yako madogo. Yaache yatangulie."

Kampuni ilipofungwa, wazamiaji walilipwa kwa vifaa. Sadoki akarudi Mpemba na mtungi, mpira wake wa hewa, geji, miwani na mapezi, akaoa Yunisi, Mndali wa milima ya Ileje aliyekuwa hajawahi kuona maji yanayozidi kiuno. Yunisi ndiye akawa mshika kamba. Waliifanyia mazoezi uani, Sadoki amelala chini ya kitanda, mkewe amesimama mlangoni: kuvuta mara moja, niko salama, mara mbili, legeza, mara tatu, nivute, tena taratibu. Majirani walichungulia, wakaondoka na maelezo yao wenyewe.

Majirani hao hao hawakuelewa kwa nini mtungi mkubwa vile ukae uvunguni wakati Yunisi anapikia mkaa. Mwizi mmoja aliuiba kabisa, akaufungua jikoni kwake na kuwasha kiberiti. Hewa ilimpulizia jivu lote usoni, akapiga mayowe, akakamatwa akiwa mweupe kama mzimu, na mtaa ukampiga hadi akarudi rangi yake.

Kuujaza mtungi ilikuwa safari ya Mpulungu, kwenda na kurudi. Wateja wake walimcheka. "Fundi, si una kompresa hapa? Jaza!"

"Huu upepo una moshi wa oili," aliwajibu. "Tairi halina mapafu."

Kwa mtungi mmoja huo alitoa mtoni pikipiki, pampu za wamwagiliaji, na mara moja sanduku la sadaka, ambalo mzee wa kanisa alikana kulijua hadi lilipofunguliwa.

Ndipo ikaja siku ya mto Momba.

Lori dogo lililobeba ng'ombe kumi na wawili kwenda mnadani liliteleza kwenye matope, likavunja kingo za daraja, likaanguka mtoni. Dereva alitoka dirishani na mkono uliovunjika. Ng'ombe hawakutoka, wala Makene hakutoka, kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa amekaa kando ya dereva. Baba yake, mzee Maduhu, mfugaji aliyehamia bondeni miaka mingi iliyopita akiwa na ng'ombe mia na maneno kumi, alisimama ukingoni na wanaume thelathini wa ukoo wake, kila mmoja na fimbo. Hakuna aliyelia. Kwao kilio hakianzi mpaka mwili uguse ardhi kavu. Ukilia mapema unauambia mto uchukue na mwingine.

Sadoki aliletwa saa sita mchana. Makene alikuwa majini tangu saa mbili, hakuna aliyejidanganya. Walichotaka ni mwili, na mto ulikuwa unapanda. Kufikia jioni ungelibeba lori na kila kilichomo hadi Rukwa.

Alishuka na mia mbili. Mita tisa za maji ya rangi ya chai ya maziwa, mkono wake mwenyewe hauonekani. Akapapasa. Alichokutana nacho kwanza ni jicho. Ng'ombe waliokufa walikuwa wamefungwa kamba kwenye bodi la lori, wanayumba na mkondo, pembe zinagongana kama watu wanaogombania mlango. Pembe moja ilimpasua sikio. Kwato ikamgonga miwani, maji yakajaa machoni, akayapuliza nje kwa pua. Akaupata mlango, umejikunja, hauvutiki. Akaisogeza geji hadi ikagusa kioo cha miwani: mia thelathini na tano. Fungu la kwenda limekwisha.

Akageuka.

Alipotoka, geji ilisoma sabini, damu ya sikio ikimchuruzika shingoni.

"Mlango umejipinda," alisema. "Nahitaji mtaimbo, na mtungi mwingine kutoka Mpulungu. Kesho."

"Kesho mto utakuwa umemla mwanangu," alisema Maduhu. Akaiinua geji. Mzee yule hakusoma shule, lakini kuhesabu alijua. Mtu wa ng'ombe mia hadanganywi hesabu. "Hii inasema bado ipo."

"Sabini."

"Sabini unampelekea nani?"

"Ya Mungu hiyo, mzee wangu. Ya hatari."

Maduhu alimtazama sana. "Mungu," akasema, "ana upepo wake huko juu."

Fimbo ya kwanza ilitua mgongoni. Ya pili magotini, ya tatu mdomoni, na Sadoki akaacha kuhesabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Walimpiga kwa nidhamu, kama wanavyompiga dume linalokataa josho: bila chuki na bila haraka. Mmoja akashauri mtungi ujazwe kwenye kompresa ya lori lililopaki darajani. "Tairi halina mapafu!" Sadoki alipiga kelele akiwa chini ya miguu yao. Wakaona amerukwa na akili, wakamwongezea.

Yunisi alimrukia aliyekuwa karibu, akamng'ata kidole hadi mfupa. "Washenzi nyie! Nani atawazamia mkimuua?" Hoja hiyo iliwaingia. Wakasimama, wanahema.

Sadoki akainuka, akatema damu. Akatazama fimbo thelathini, akatazama mto. Mto ulikuwa mmoja.

"Nipeni mtaimbo," alisema.

Akakaa kwenye tope, mdomo umevimba kama andazi, akaigawa sabini mara tatu. Ishirini na tatu kwenda. Ishirini na tatu kurudi. Iliyobaki ya Mungu, hata kama Mungu safari hii amekatwa mgao. Akamwonyesha Yunisi vidole vitatu, kwamba asivute mpaka kamba itikiswe mara tatu, naye akaitikia kwa kichwa, kamba mkononi.

Safari hii hakupapasa. Alifuata kamba za ng'ombe moja kwa moja hadi mlangoni, akapachika mtaimbo, akaning'iniza uzito wake wote wenye majeraha. Kila pumzi ilimchoma mbavu, na mbavu zilizovunjika zinakula hewa maradufu. Mlango ukatoa sauti ya mbwa aliyekanyagwa, ukafunguka. Makene akamwangukia kifuani, mikono imemzunguka shingo kama mlevi anayeomba msamaha. Sadoki akamfunga kwa mkanda wake kiunoni. Geji: arobaini na saba. Hesabu imekubali.

Akavuta kamba mara moja. Niko salama.

Kule juu Yunisi aliipokea ile moja, akafungua mdomo aseme, "Yuko sa—"

"Amemshika!" mtu akapiga kelele. Na wanaume thelathini ambao maisha yao yote wamekuwa wakinasua ng'ombe waliozama kwenye matope walifanya wanachokijua. Wakamsukuma Yunisi akaanguka, wakaishika kamba, wakaanza ule mwito wao wa kuvutia ng'ombe, wakavuta wote kwa pamoja, kwa nguvu inayong'oa kwato.

Sadoki alinyakuliwa. Kile kipande cha mpira wa hewa alichokibana kwa meno kikamchomoka mdomoni pamoja na jino la pili. Pembe zikamkwangua mgongo wote. Akahisi kifua kinaanza kuvimba, taratibu, kama mpira wa ndani wa tairi, na mwili wake wote ukampigia kelele: bana mdomo, shika pumzi, usimeze mto huu. Akaliona povu la damu. Akasikia "Jamani."

Akafungua mdomo, akatukana.

Alianza na Maduhu kwa Kiswahili. Akateremka kwa ng'ombe wake, mmoja mmoja, kwa rangi. Akahamia Kinamwanga kwa ajili ya babu wa Maduhu, na Kibemba kwa ajili ya mto, kwa sababu Kibemba cha bandarini kina matusi yenye pumzi ndefu. Akamtukana aliyebuni kamba. Akaitukana pancha ya kwanza aliyowahi kuziba. Mita sita, mita nne, bado ana ya kusema. Mapovu yalimtoka makubwa kama masufuria, na juu ya maji wanaukoo waliyaona yakichemka, wakavua kofia.

Alitua ukingoni kama gunia, Makene juu yake. Damu ilimtoka puani na sikioni. Kifuani haikutoka. Yunisi akalala kifuani pake kusikiliza, akasikiliza tena, ndipo akainuka, akamfuata aliyeanzisha mwito wa kuvuta, akampiga na pezi la mguuni mara mbili usoni. Hakuna aliyemzuia.

Makene alipogusa ardhi kavu, mzee Maduhu alipiga magoti, akalia. Ukoo wote ukalia naye, fimbo zikaanguka. Alipomaliza, alimwendea Sadoki, akamfuta damu mdomoni kwa kanzu yake.

"Mwanangu," alisema, "nimekupiga."

"Umenipiga, baba."

"Nikimpoteza mwingine, na wewe nimekuua, nani..." Haikuwa sentensi kamili, lakini ilikuwa na ndama ndani yake. Ndama huyo anaishi Mpemba sasa, anakula mipira ya matairi.

Kwenye mazishi diwani Zebedayo alikuja na gari lenye vipaza sauti, na hakuna diwani anayeweza kuviacha vipaza sauti vilale. Alimsimamisha Sadoki mbele ya jeneza, uso umefungwa bandeji, akatangaza kwamba mkoa umepata shujaa wa imani. Kwamba watu thelathini walishuhudia kwa macho yao mapovu ya sala yakipanda kutoka vilindini. Kwamba mtu huyu, bila hewa, kwenye giza, amefungwa na marehemu, hakufikiria nafsi yake bali alimlilia Bwana. Akamsogezea kipaza sauti.

"Waambie wananchi, ndugu Sadoki. Kule chini, katika saa ile, ulimwambia Mungu nini?"

Sadoki akasafisha koo.

"Nilikuwa natoa hewa."