Dawa ya Kioo na Pipa la Baba

Shemeji yangu simpendi, na sitajifanya hapa kuwa nilimsamehe. Alikuwa na teksi mjini Kismayo, miaka ile ambayo mwenye gari alipishwa njia sokoni, na teksi ile aliipenda kuliko mama aliyemzaa. Mume wangu, mdogo wake, alikuwa baharia. Akisafiri, nyumba nzima ilibaki chini ya amri ya huyo kaka yake.

Mwaka mmoja, mume wangu akiwa safarini, baba yangu alikuja kwetu kutoka kisiwa cha Chovai kutibiwa mawe ya figo. Alikuwa fundi wa mashua na hakuacha vitu vyake nyuma: alikuja na tezo, msumeno na kopo la sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka mbao za chombo zisinywe maji. Shemeji aliziba pua, akasema watu wa visiwani tunanuka hata tukioga. Kopo likawekwa nje, nyuma ya jiko.

Daktari alimtaka baba anywe maji matamu kwa wingi, na visima vya mtaani kwetu vilikuwa vya chumvi. Nikamtengea pipa la maji ya mvua. Masika yalichelewa, nami kila siku nilipima pipa kwa kijiti, nikijua maji yakiisha baba ataumia.

Ndipo shemeji akapata kwa baharia mmoja kichupa cha dawa ya vioo. Ukiipaka, alisema, mvua haishiki: maji yanajikunja matone matone na kukimbia, hata waipa huihitaji. Lakini kioo sharti kioshwe kwanza kwa maji matamu, chumvi isiache ukungu. Akaoshea maji ya pipa. Kisha akawaita majirani, akamwaga kikombe juu ya kioo wayaone matone yakiteremka, akamwaga kingine, na kingine. Baba alikuwa ameketi barazani akiyatazama maji yake. Akauliza kwa upole kama gari nayo huzama. Watu walicheka, shemeji hakucheka.

Nilimwambia maji yale ni ya mgonjwa. Akanijibu mbele za watu, "Maji ya mvua ni ya Mungu, si ya babako."

Akaendelea kuosha na kupaka kila asubuhi, mpaka nikakuta pipa limebaki tope. Baba akaanza kunywa ya kisima bila kunung'unika, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitia wazimu. Siku ya tatu, shemeji akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, nilichovya kitambaa katika kopo la sifa nikakipaka kioo chake cha mbele chote. Nilikipaka vizuri, mimi binti wa fundi. Nilitaka mvua imkute njiani na abiria wake, aumbuke.

Sijamaliza kunawa mikono, nikasikia baba akiugua ndani. Alikuwa amejikunja mkekani, jasho linamtoka. Gari ilikuwa moja tu. Nikamwamsha shemeji, na wakati anatafuta ufunguo ningeweza kukifuta kile kioo, lakini niliogopa kuonekana. Niliomba Mungu azuie mvua, mimi niliyeisubiri miezi.

Ikatushika kabla hatujafika nusu ya njia. Waipa ikayakoroga maji na mafuta, kioo kikawa cheupe kama tui. Shemeji akatoa kichwa dirishani, na hata hivyo nusura tuligonge gari la punda la maji. Akafunga breki, baba akaanguka mbele na kulia kwa maumivu. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo.

Shemeji alishuka, akapitisha kidole kwenye kioo, akanusa, akaingiza kichwa ndani. "Mchu gani kapaka kioo changu?"

Nilikuwa nimemshika baba begani. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka, na baba alinusa sifa maisha yake yote. Alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi, mwanangu," akamwambia shemeji. "Usimuandame mchu mngine."

Mdomo wangu ulikuwa huru, na sikuufungua. Shemeji alimtukana mzee wangu njia nzima mpaka hospitali, akatushusha na kurudi nyumbani. Huko baba akachomwa sindano, maumivu yakatulia, na jioni tuliporudi tezo, msumeno na furushi la nguo zake vilikuwa vimewekwa mlangoni, vimelowa. Baba aliviokota kimoja kimoja. Akalala kwa jirani, asubuhi akarudi Chovai, na katika nyumba ile hakukanyaga tena.

Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Shemeji akaniita, akataka ndoo mbili za maji matamu atoe mafuta kwenye kioo chake. Nikamchotea.